Masika Niliyolala Chali Nikitazama Ndege

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, na dari ya chumba unaijua kuliko uso wa mwenzako, basi nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Sitakueleza kifua kikuu kinafikaje kwenye uti wa mgongo wakati kifua chenyewe hakikohoi. Nilielezwa mara nyingi, na kila mara niliitikia kwa kichwa tu. Ninachokijua ni namna siku zinavyopita ukiwa hapo, na mambo madogo yaliyonisaidia zipite.

Naitwa Nsia. Ninaishi Masama, upande wa juu, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo wa mume wangu. Nyumba yetu imefunikwa na migomba na kahawa, ila kibaraza cha mbele kinatazama bondeni, na siku isiyo na ukungu unaona uwanda wote wa chini mpaka macho yachoke. Mume wangu, Eliakunda, anapandisha wageni mlimani. Mama yake anaishi nyumba ya pili, hatua chache kutoka kwetu. Binti yetu Aikande wakati huo alikuwa chuoni Dodoma. Mimi nilikuwa mkulima, mkata majani ya ng'ombe, na siku za soko nilishuka na mikungu ya ndizi hadi Kiboriloni, ambako wateja walinizoea na kuniita Mama Ndizi.

Mgongo ulianza kuuma, sikumwambia mtu. Huku kwetu mwanamke akikwambia mgongo unamuuma, ni kama amekusalimia. Unamjibu, "Hata mimi," mnaendelea na njia. Nilipoanza kuamshwa na maumivu hayo usingizini, nikajiambia ni majani ya jana. Nilipoamka shuka imelowa jasho, nikajiambia ni blanketi zito. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni, na wanawake wa kwaya wakanisifu: "Mama Aikande, umepungua, umependeza!" Nilifurahi. Kwenye zahanati nilipewa vidonge vya maumivu, nikavimeza, nikarudi kuomba vingine. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni, na mikono yake ilikuwa mizuri, lakini maumivu yalingoja aondoke tu.

Kisha siku moja ya soko niliteremka kwenye gari pale Kiboriloni, nikashusha mikungu yangu, nikatembea. Mteja wangu mmoja akaniita kwa nyuma:

"Mama Ndizi! Ndala yako hii hapa!"

Niligeuka. Ndala ya mguu wa kushoto ilikuwa imebaki mbali, katikati ya njia. Nilikuwa nimekanyaga kokoto na matope kwa mguu mtupu, na mguu haukuniambia chochote. Nilipotaka kurudi kuichukua, goti likakunjika. Nilianguka juu ya ndizi zangu mwenyewe.

Ndugu yangu, mguu ukiacha kukupa habari, usingoje siku nyingine ya soko. Hiyo ndiyo sentensi pekee ya kitabibu nitakayoandika hapa.

Hospitali kubwa ya mjini Moshi ina korido ndefu yenye mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu. Nilijifunza mengi kwenye mabenchi yale. Mgonjwa mpya huutazama mlango kila unapofunguka, lakini wa zamani hutazama sakafu, kwa sababu anajua jina lake litaitwa likitaka. Kila mtu amekumbatia bahasha yake kubwa ya picha kama mtoto mchanga. Siku ya kwanza mama mmoja wa Kibosho, rozari imezungushwa mkononi, aliona nahangaika kukaa. Hakuniuliza naumwa nini. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, akaweka kanga yake, akaniambia, "Lala." Nikalala kichwa changu kikigusa paja la mtu nisiyemjua, naye akaendelea na rozari yake. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, lakini siku ile Salamu Maria zile zilinihesabia pumzi.

Daktari alikuwa dada kijana mwenye sauti ya chini. Aliangalia picha kwenye mwanga, akakaa mbele yetu.

"Mama, una kifua kikuu cha uti wa mgongo."

"Lakini mimi sikohoi," nikasema.

"Najua, mama."

Eliakunda aliuliza swali ambalo mimi sikuthubutu: "Atatembea?"

Daktari hakutudanganya, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. "Tuanze dawa," akasema. "Alale, mgongo utulie. Halafu tutaona."

Eliakunda ni mtu mrefu, mwenye mapaja ya kupanda mlima. Nilimwona akitafuta pa kuweka mikono yake.

Vuli ilinikuta wodini. Hicho kilikuwa kipindi cha dawa za mwanzo, zile nyingi za kumeza asubuhi tumbo likiwa tupu. Mkojo uligeuka rangi ya machungwa yaliyoiva, nikapiga kelele nikidhani ninatoka damu. Muuguzi akacheka, akanishika bega. "Ni dawa, mama. Ukiona hivyo ujue umemeza kweli." Nilijifunza kugeuzwa kama gogo, watu wawili, mmoja mabegani na mmoja kiunoni, "moja, mbili, tatu." Nilijifunza kuogeshwa. Mwanamke aliyeogesha watoto, akaogesha mama yake mzazi hadi kifo, anadhani anajua aibu ya kuogeshwa. Hajui mpaka ifike zamu yake. Miguu yangu, iliyopanda na kushuka miteremko ya Masama maisha yote, ililala pale mwisho wa kitanda kama vitu vya mtu mwingine nilivyoachiwa nivitunze.

Dawa zilipopunguzwa na kuwa zile za muda mrefu, waliniruhusu nirudi nyumbani, kwa sharti la kuendelea kulala.

Daktari alikuwa ametueleza kwa makini kwamba ugonjwa wangu uko mfupani, na kwamba siwezi kumwambukiza mtu kwa kukaa naye. Eliakunda alimrudia mama yake maneno hayo zaidi ya mara moja. Mama alisikiliza, akasema sawa. Kesho yake chai yangu ilikuja kwenye kikombe cha bati kilichopakwa alama ya rangi nyekundu kwenye kishikio, na sahani yenye alama hiyo hiyo. Vilioshwa peke yake, vikaanikwa peke yake kwenye kigingi cha uzio. Alinipikia mtori wa ndizi mzuri, mlaini, wenye mfupa wa supu, akaniletea kila siku bila kukosa. Aliuweka kwenye stuli, akarudi nyuma mpaka mlangoni, ndipo akaniambia, "Kula, Mama Aikande."

Anayelishwa hachagui kikombe.

Krismasi ilikuwa mbaya kuliko wodi. Unajua Wachagga wakati wa Krismasi: Dar, Arusha, Mwanza, wote wanapanda nyumbani, magari yanajaa kwenye migomba, mbuzi wanachinjwa. Mashemeji na wake zao walinisalimia wakiwa wamesimama mlangoni. Watoto wao walichungulia, wakavutwa nyuma kwa kola. Nilisikia vicheko vyote kupitia ukuta. Eliakunda aliniletea nyama iliyokatwa vipande vidogo, akakaa nami tukala, lakini naye aliitwa, akaenda. Januari wote walishuka, na kihamba kikawa kimya, nikashindwa kujua kipi kilikuwa kibaya zaidi, kelele au ule ukimya.

Eliakunda alikuwa amepunguza safari za mlimani ili anigeuze. Waongoza wageni wenzake walipanda, yeye alibaki na beseni na taulo. Hakulalamika, ila aliacha kuongea. Aliingia, akanigeuza, akanipaka mafuta mgongoni ili ngozi isichubuke, akatoka. Mtu anaweza kukushika mara kadhaa kwa siku na bado ukamkosa.

Siku moja ya Februari, jua kali, nilimwambia, "Nataka kuacha hizi dawa. Zinanichoma tumbo, na miguu ni ile ile."

Aliweka kopo la mafuta chini.

"Nimechoka, Nsia," akasema.

"Hata mimi nimechoka."

"Wewe umechoka kulala. Mimi nimechoka kukuona umelala. Mlimani mgeni akisema ameshindwa, naweza kumshusha. Wewe nikushushe niende na wewe wapi?"

Akatoka. Nilisikia nyundo siku ile mchana kutwa na sikujua anajenga nini. Kesho yake alimleta jirani, wakakibeba kitanda nami nikiwa juu yake, wakakitoa nje kibarazani, mahali alipokuwa amepigilia ubao wa kuzuia upepo na kuongeza bati kwa juu. Kisha akapanda ngazi, akakata majani ya migomba miwili iliyokuwa inaziba mbele. Nikaona anga. Tangu vuli sikuwa nimeona anga kubwa namna ile. Nililia, akadhani mwanga umeniumiza, akaenda kuleta kofia.

Dawa nilizimeza jioni ile. Sikumwahidi kitu, nilizimeza tu.

Alikuwa na darubini, moja iliyochubuka ngozi, aliyoachiwa na mgeni mmoja mzee aliyekuja kutazama ndege badala ya kilele. Machi ilipoanza, na wageni wa mlimani wakapungua kama kawaida mvua zikikaribia, Eliakunda akawa nyumbani. Akaniwekea ile darubini kifuani.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Mwezi huu ndege wanarudi kwao. Angalia juu."

"Ndege ni ndege, Baba Aikande."

"Angalia tu."

Siku ya kwanza niliona mawingu na kidole changu. Siku ya pili mikono ilitetemeka. Ya tatu nilimwona mbayuwayu mmoja, kisha nyuma yake mwingine, kisha nikaelewa kwamba hawazunguki kama wale wanaowinda wadudu juu ya zizi. Walikuwa wanapita. Walitokea upande wa bondeni, wakapita juu ya kahawa zetu chini chini, wakapotea nyuma ya paa kuelekea kaskazini, na wengine wakaja.

"Wanakwenda wapi?"

"Kwao. Ulaya, mpaka Urusi huko. Baridi yao inaisha sasa, wanakwenda kutaga."

"Na hapa walifuata nini?"

"Chakula."

Nikafikiri. "Kumbe ni kama watu wa Dar. Wanakula huku na huku, wakisikia nyumbani kuna shughuli, wote barabarani."

Alicheka. Nami nikacheka, na mgongo ukaniuma vibaya, nikaendelea kucheka. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu ile ndala ya Kiboriloni.

Baada ya hapo tukawa na la kuzungumza. Wengine katika hali yetu hupata maombi, wengine redio. Sisi tulipata ndege. Alinionyesha korongo weupe, mbali sana juu ya uwanda, wakizunguka polepole bila kupiga bawa, kama majivu yanayopanda juu ya moto. Alinionyesha tai wa kahawia waliopita wakifuata ukingo wa mlima. Mimi, kwa kuwa nililala pale kutwa, nikaanza kuwaona kabla yake. Akirudi kutoka zizini ananiuliza, "Kuna habari gani?" na mimi nina habari za kumpa. Kwa mtu ambaye kwa miezi alikuwa anaulizwa tu "umepata choo?", swali lile lilikuwa chakula.

Niliowapenda zaidi ni keremkerem, wale ndege wala nyuki. Masika iliposhika na mawingu kufunga, hukuwaona. Uliwasikia: sauti laini, ya kuviringika, kutoka juu ya mawingu, wengi wakiitana ili wasipotezane. Eliakunda alikuwa akiacha anachofanya, panga mkononi, kidole juu. "Sikiliza." Siku nyingine wingu lilipasuka, wakashuka mpaka juu ya mparachichi wetu, koo za njano, vifua vya kijani na buluu, migongo ya rangi ya udongo uliochomwa. Walinaswa na mwanga kidogo tu, kisha wakapanda tena. Nilibaki na darubini usoni nikitazama ukungu mtupu, nikiona bado wapo.

Lazima nieleze juu ya ile mvua ya Aprili.

Ilikuwa baridi ambayo huku juu tunaipata mara chache, mvua haikatiki, upepo unashuka kutoka mlimani. Siku kadhaa hatukuona jua. Eliakunda alikuwa ameteremka mjini kunichukulia dawa, na barabara ikawa matope kiasi kwamba alichelewa kurudi. Nilibaki na Mama. Asubuhi nilipoondoa shuka usoni, nikaona kamba ya chandarua imejaa mbayuwayu. Walikuwa wamebanana bega kwa bega, manyoya yamesimama kwa baridi, mikia mirefu imeshikana. Walikuwa juu ya boriti, juu ya misumari, juu ya ubao wa kuzuia upepo. Wengine walikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, karibu na miguu. Hawakuniogopa. Walikuwa wamechoka mno kuogopa.

Mama alikuja na mtori wake, akasimama nje ya kibaraza.

"Mae! Hawa ni nini?"

"Shikamoo, Mama. Ni mbayuwayu. Wameshindwa kupita na mvua hii. Hakuna wadudu, hawana cha kula."

"Nitawafukuza. Watakuchafulia."

"Mama, tafadhali. Waache."

Aliangalia sakafuni. Kulikuwa na wawili watatu wameshaanguka, wamekufa, na mmoja anahema. Aliweka bakuli lake chini. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nirudi kutoka hospitalini: alipanda kibarazani, akaja mpaka kitandani, akainama, akamwokota yule anayehema. Alimzungushia pindo la kanga. Akajaribu kumpumulia.

"Mikono yangu ni ya baridi," akasema. "Nilikuwa nakamua nje. Mshike wewe, mikono yako ina joto."

Akaniwekea ndege mkononi, na kwa kuwa mimi nimelala chali siwezi kuona vizuri nilichoshika, akafunika mikono yangu kwa mikono yake ili asidondoke. Tulikaa hivyo. Nilisikia moyo wa yule ndege kwenye kiganja, mwepesi mno hata huwezi kuuita mapigo. Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu.

Alianza kusema bila kunitazama.

"Nilikuwa na dada. Ndeanasia. Alipata kifua, wakati huo mimi ni mtoto. Baba alimjengea kibanda chini kule kwenye migomba. Mimi ndiye nilimpelekea chakula. Naweka juu ya jiwe, narudi nyuma, naita. Nikishafika mbali ndiyo anatoka anachukua. Mama alisema nikimgusa na mimi nitakufa. Alikuwa ananiimbia kutoka kule kibandani, ili nisiogope njia. Siku moja nikaweka, nikaita, hakutoka. Nikakaa nangoja chakula kikapoa. Mama Aikande, mimi sikufundishwa namna nyingine ya kuishi na ugonjwa huu."

Nikasema, "Pole, Mama." Nilikuwa nimebeba hasira na kile kikombe tangu nirudi kutoka wodini, na sasa nikaona kumbe kila alipoweka bakuli kwenye stuli akarudi nyuma, alikuwa anarudi nyuma kwa miguu ya mtoto.

"Aika," akanijibu kwa Kichagga. Asante.

Aliwasha jiko la mkaa akaliweka pembeni ya kibaraza, akakaa nami kutwa. Alinilisha mtori kwa mkono wake. Yule ndege hakupona. Alikufa mkononi mwangu kabla ya mchana, na nisikudanganye, nililia. Lakini kesho yake mvua ilipokatika na jua likatoka upande wa bondeni, kamba ya chandarua ilianza kutikisika. Walijinyoosha, wakajipukuta, wakaruka mmoja mmoja, kisha wote. Mama alikuwa anawafagilia uchafu wao huku ananung'unika. Kile kikombe cha alama nyekundu nilikiona wiki ile ile chini ya mparachichi, kuku wanakunywea maji.

Usidhani miguu iliamka siku ile. Mambo hayaji hivyo. Aprili ilikwisha, ndege wakakwisha, anga likawa la kunguru na mwewe wa kawaida, nami nikawa na huzuni nzito kuliko ya mwanzo. Ni vizuri ukijua kwamba hilo huja: siku mbaya baada ya siku nzuri. Nilimeza dawa. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kipindi chote kile, kumeza dawa.

Ilikuwa Mei, wakati wa kuchoka kabisa, nimelala sina ninachofikiri. Kitu kikanitekenya.

"Eliakunda!" nilipiga kelele. "Nzi! Nzi mguuni!"

Alikuja mbio na kitambaa, amekiinua tayari kumpiga. Maskini, alidhani nasumbuliwa.

"Usimfukuze!"

Alisimama kitambaa kikiwa hewani. Nzi alikuwa juu ya mguu wangu wa kushoto, karibu na kidole kikubwa, anasugua mikono yake. Nilikuwa simwoni, nilikuwa nimelala chali kama siku zote. Nilimwambia, "Anapanda sasa. Amefika kwenye kifundo." Eliakunda alimwangalia nzi, akaniangalia usoni, akamwangalia nzi. Alikuwa anapanda kweli. Nzi akaruka. Mume wangu akakaa sakafuni, akajifunika uso kwa kile kitambaa.

Kipupwe kilipoingia nilivishwa mkanda mgumu, mpana kama gome, unaofungwa kutoka kwapani hadi nyonga, na mtaalamu wa mazoezi akanisimamisha. Kusimama kuna urefu wake. Nilipata kizunguzungu kama niliye kileleni. Nyayo ziliwaka. Nilikwenda kitanda hadi mlango kwa fremu ya chuma, mlango hadi zizi, zizi hadi barabara. Mvua za vuli ziliporudi nilimeza kidonge cha mwisho, na daktari yule yule mwenye sauti ya chini alinipa mkono.

Sikurudi kama nilivyokuwa. Nina kibiongo kidogo, gauni halikai sawa mgongoni. Mguu wa kushoto unachelewa kidogo nyuma ya wa kulia. Na sitabeba tena mzigo wowote mzito, iwe ndoo, mkungu au majani. Majani ya ng'ombe anabeba Eliakunda akiwa hayupo mlimani. Mwanzoni wanaume wa pale njia panda walimcheka, mwanamume na tita la majani kichwani. Aliwaambia, "Mimi nimewabebea Wazungu viti vya choo mpaka kilele. Majani ya ng'ombe wangu yanishinde?" Wakaacha.

Machi hii nilitembea peke yangu mpaka kile kiwanja kilicho wazi juu ya kanisa, kuona kama keremkerem wameanza kupita. Walikuwa wameanza. Nilikuwa nimesimama pale kichwa juu, akapita Mama Glori, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, na tita kubwa la majani. Alilitua apumzike. Tukasalimiana. Alipotaka kuondoka akainama, akasema:

"Mama Aikande, nitwike."

Hakuna mwanamke wa huku anayekataa kumtwika mwenzake. Nilihisi uso unawaka.

"Siwezi, mwenzangu. Mgongo wangu hauruhusu."

"Ah, kweli, nilisahau." Akajishika kiuno, akajinyoosha polepole na kukunja uso. "Basi tungoje mtu apite. Hata mimi huu mgongo, sijui."

Maneno yale nimeyasikia maisha yangu yote. Safari hii sikujibu "hata mimi."

"Unakuamsha ukiwa umelala?"

"Mara moja moja."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Mbona unaniangalia hivyo?"

Jumatatu tulikuwa kwenye benchi la korido, yeye na mimi, na bahasha. Alilalamika njia nzima: ng'ombe, nguo, soko. Mimi sikusikia nusu ya maneno yake. Nilikuwa natazama mlango kila ukifunguka, kama mgonjwa mpya.

Alipotoka alikuwa amekasirika kabisa.

"Eti ni misuli. Eti nipunguze mizigo!" akasema kwa sauti, korido yote ikasikia. "Ng'ombe wangu atakula hii karatasi yake? Umenipotezea siku nzima, Mama Aikande, na wewe unacheka."

"Nacheka," nilimwambia. "Nisamehe."

Alinung'unika mpaka Masama. Nilifika nyumbani jioni, nikamkuta Eliakunda kibarazani anasafisha buti zake.

"Vipi? Wamemkuta na nini?"

Nilikaa kwanza. Nilitaka kumjibu kwa utulivu, lakini midomo ikakataa kutulia.

"Nsia. Wamemkuta na nini?"

"Hana kitu," nikasema. "Baba Aikande, hana kitu kabisa."